Nakisi Katika Daftari la Jua

Karani mwaminifu wa bohari, akiona kwamba kila jioni fedha iliyomo sandukuni ni pungufu kuliko ile iliyoandikwa daftarini, na kwamba upungufu wenyewe hauna kiasi maalumu, bali leo ni shilingi mbili, kesho ni kumi, na keshokutwa si kitu, hana ila njia tatu mbele yake: kusema kwamba kanuni za hesabu zenyewe si za kweli, kukiri kwamba amekosea kuhesabu, au kudai kwamba yuko mtu aingiaye na kutoka pasipo kuonekana. Njia hii ya tatu ndiyo ya mwisho kufikiriwa na mwenye akili timamu, kwa maana haipitani sana na kumsingizia jini. Hata hivyo ndiyo aliyoichagua Wolfgang Pauli, mwalimu wa fizikia katika mji wa Zurich, mwaka 1930, alipochoshwa na nakisi ya namna hiyo iliyokuwa imewasumbua ulamaa wa atomi tangu mwaka 1914.

Nakisi yenyewe ilikuwa hii. Viini vya atomi fulani vina tabia ya kugeuka vyenyewe, cha namna moja kikawa cha namna nyingine, na katika kugeuka huko hutupa nje elektroni. Maadamu nishati ya kiini cha mwanzo yajulikana, na ya kiini cha baadaye vivyo hivyo, tofauti iliyo baina yao ndiyo iliyopasa kuchukuliwa na elektroni, kila mara kiasi kile kile, bila kuzidi wala kupungua. James Chadwick, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliona mambo mengine kabisa: elektroni zilitoka na nishati za kila kadiri, hii nyingi, ile kidogo, na nyingine takriban hazina kitu. Vita vikuu vya kwanza vilimkuta huko huko ugenini mwaka huo wa 1914, akafungwa pamoja na Waingereza wenzake katika mabanda ya farasi hata vita vilipokwisha, na fumbo lake likabaki pale pale. Mwaka 1927 Charles Ellis na William Wooster, huko Cambridge, walitia vitu vya tabia hiyo ndani ya chombo cha kupimia joto kilichofungwa barabara, ili chochote kitakachotoka kikamatwe na kuhesabiwa. Joto walilopata lilikuwa kama theluthi moja tu ya lile ambalo lingepatikana lau kila elektroni ingalichukua haki yake yote. Theluthi mbili zilipotelea ndani ya chombo kisicho na tundu. Niels Bohr wa Denmark, ambaye heshima yake katika ilimu hii ilikuwa kama ya kadhi mkuu, alikuwa radhi kushika njia ya kwanza ya karani wetu, yaani kusema kwamba huenda kanuni ya kuhifadhika kwa nishati, nguzo ya fizikia yote, haina hukumu ndani ya kiini cha atomi.

Pauli hakuridhika. Tarehe 4 Desemba 1930 aliwaandikia barua wenziwe waliokuwa wakikutana Tübingen, Ujerumani, akiwaita kwa mzaha mabibi na mabwana wanururifu, akawaeleza kwamba amejaribu dawa ya mtu aliyekata tamaa: huenda pamoja na elektroni hutoka chembe nyingine, isiyo na umeme, nyepesi mno, ambayo hujitwalia salio la nishati ikaenda nalo zake. Aliwaomba radhi kwamba mwenyewe hataweza kuhudhuria, kwa sababu usiku wa tarehe 6 kulikuwa na dansi mjini Zurich isiyoweza kufanyika bila yeye. Ndoa yake ilikuwa imevunjika siku chache tu kabla ya hapo, kwa hiyo dansi hiyo mimi simlaumu.

Jina la chembe hiyo lilitoka Roma, katika kundi la vijana waliomzunguka Enrico Fermi. Walikiita kiumbe hicho nyutrino, maana yake kwa Kitaliano ni kadogo kasicho na upande, baada ya jina la nyutroni, alilolipendelea Pauli, kuchukuliwa mwaka 1932 na chembe nzito aliyoivumbua yule yule Chadwick. Lakini Fermi alifanya zaidi ya kutoa jina. Katika maandiko yake ya mwaka 1934 alibainisha kwamba kugeuka huko kwa viini ni kazi ya kani ya peke yake, isiyo ya umeme wala ya uvutano, na nguvu zake ni kidogo mno hata baadaye ikapewa jina la kani dhaifu. Msomaji asilidharau jina hili. Kani dhaifu ndiyo iruhusuyo protoni kugeuka nyutroni ndani ya jua, na mgeuko huo ndio mlango wa kwanza wa moto wote wa jua. Na kwa kuwa kani yenyewe ni dhaifu, mlango hufunguka kwa nadra, hata protoni moja hungoja, kwa wastani, miaka mabilioni kabla ya kupata zamu yake. Lau kani hiyo ingalikuwa na nguvu kama za dada zake, jua lingalikwisha kuteketea zamani, na pasingalikuwapo mtu wa kuuliza habari zake.

Udhaifu huo huo ndio unaoifanya nyutrino kuwa kama haipo. Haiguswi na kani nyingine inayoweza kuisimamisha. Na kani dhaifu huigusa kwa nadra ya ajabu, kiasi kwamba ukuta wa risasi wenye unene wa safari ya mwaka mzima ya nuru ungepitwa na nyingi kati yake. Katika ukucha wa kidole gumba chako, wewe usomaye, hupita nyutrino za jua bilioni 60 hivi kila sekunde, mchana zikitoka juu yako, usiku zikitoka chini ya nyayo zako baada ya kuipenya dunia nzima, nawe hudhuriki wala huhisi. Hans Bethe na Rudolf Peierls walipofanya hesabu yake mwaka 1934 walikata shauri kwamba haiko njia ya kibinadamu ya kuiona. Nao walikuwa na haki, kwa vyombo vya siku zao. Ila hawakujua kwamba baada ya miaka isiyozidi kumi wanadamu wangekuwa na vinu vya nyuklia, ambavyo humwaga nyutrino kwa wingi usiofikirika. Frederick Reines na Clyde Cowan, Wamarekani wawili walioita kazi yao kwa jina la pepo mchezeshaji wa vyombo, waliweka mitego yao karibu na kinu cha Savannah River, na tarehe 14 Juni 1956 wakampelekea Pauli simu ya maandishi kwamba chembe yake imepatikana. Karani alikuwa amesema kweli: kulikuwa na mtu aingiaye na kutoka.

Mwaka huo huo kani dhaifu ilifanya kioja kingine. Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang waliuliza kama kani hiyo hutofautisha baina ya kulia na kushoto, swali lililoonekana kama la utani, na Bibi Chien-Shiung Wu, Mchina aliyekuwa akifundisha New York, akalijibu kwa jaribio lake la kobalti iliyopozwa mpaka karibu na mwisho wa baridi yote: naam, hutofautisha. Nishani ya Nobel ya mwaka 1957 walipewa wale waliouliza. Yule aliyejibu hakupewa, na dhuluma hiyo haikurekebishwa mpaka alipofariki. Abdus Salam, kijana wa Jhang katika Punjab, alikuwa akirejea London usiku kutoka mkutano wa Seattle ndani ya ndege ya jeshi la Marekani, usingizi haumjii, akawa anajiuliza kwa nini nyutrino iwe na tabia hii ya upande mmoja. Akaona kwamba jambo lote lingekuwa jepesi na zuri kama nyutrino haina uzito hata chembe. Alimpelekea Pauli wazo lake. Jibu lililorudi lilikuwa salamu kwa rafiki yake Salam, na nasaha kwamba afikirie kitu bora kuliko hicho. Salam hakuvunjika moyo: mwaka 1964 alianzisha mjini Trieste kituo cha fizikia kwa ajili ya wasomi wa nchi maskini, ambacho mwaka 2018 kilizaa chuo cha utafiti mjini Kigali, na mwaka 1979, kwa kuonyesha kwamba kani dhaifu na kani ya umeme asili yao ni moja, alipokea Nobel pamoja na Steven Weinberg na Sheldon Glashow, amevaa kilemba na viatu vya ncha iliyopinda vya kwao. Wazo lake la usiku ule ndani ya ndege tutalirudia.

Mtu ninayekusudia kumwandika zaidi ya wote hao hakuwa hata mwanafizikia, bali mwanakemia. Raymond Davis aliajiriwa mwaka 1948 katika maabara ya Brookhaven, karibu na New York, akamwendea mkuu wake kuuliza afanye kazi gani, akaambiwa ajichagulie mwenyewe. Kwa mtu mvivu hiyo ingalikuwa ruhusa ya kulala. Davis alikwenda maktaba, akasoma makala juu ya nyutrino, akaona kwamba katika habari hiyo karibu kila kitu kilikuwa hakijulikani, akaridhika nayo kwa aushi yake yote.

Mtego wake aliuazima kwa Bruno Pontecorvo, mwanafunzi wa Fermi, ambaye mwaka 1946 akiwa Kanada alieleza kwamba nyutrino ikiigonga atomi ya klorini ya namna fulani huigeuza kuwa atomi ya arigoni, gesi isiyochangamana na kitu, inayoweza kutolewa ndani ya kimiminika na kuhesabiwa kwa sababu hunururisha. Pontecorvo mwenyewe hakuja kuutumia: mwaka 1950, akiwa likizoni, alitoweka pamoja na mkewe na wanawe watatu, na baadaye ikabainika kwamba amehamia Urusi. Davis alijaza klorini matangini, akayaweka karibu na vinu, akangoja, akapata sifuri. Sasa twajua sababu, kwamba vinu hutoa pacha wa kinyume wa nyutrino, ambaye klorini haimjui; lakini wakati ule mkaguzi mmoja wa jarida alimdhihaki, akaifananisha kazi yake na ya mtu apandaye mlimani, akanyosha mkono kuukamata mwezi, kisha akatangaza kwamba mwezi uko mbali zaidi ya futi nane kutoka kileleni. Davis alikipenda kichekesho hicho, na miaka mingi baadaye alikuwa akikisimulia mwenyewe.

Alichokifanya baada ya hapo ni kuuacha mlima na kuingia shimoni. John Bahcall, kijana wa hesabu, alimwonyesha mwaka 1964 kwamba nyutrino za jua lenyewe zaweza kuacha alama katika klorini, ikiwa klorini ni nyingi ya kutosha na imefichwa mbali na mvua ya miale itokayo mbinguni. Davis alipata nafasi ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, mjini Lead katika jimbo la South Dakota, mita 1,478 chini ya ardhi, akajenga tangi lenye kipenyo cha mita 6 na urefu wa karibu mita 15, akalijaza lita 380,000 za dawa waitumiayo madobi kufulia nguo pasipo maji, kwa sababu ndiyo klorini iliyokuwa rahisi kupatikana kwa wingi. Kila baada ya miezi miwili hivi alipuliza gesi ya heliamu ndani ya tangi, ikakusanya arigoni yote, akaichuja kwa makaa yaliyopozwa mno, akaitia ndani ya kichupa kidogo cha kuhesabia. Fahamu, msomaji, alikuwa akitafuta nini: atomi kumi na kitu, au dazeni mbili, katika dimbwi lenye atomi za klorini ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 31. Mtu anayetafuta punje moja ya mchanga aliyoitia alama katika fukwe zote za bahari ana kazi nyepesi kuliko hiyo.

Hesabu za mwanzo zilitoka mwaka 1968. Nyutrino zilikuwamo, au zilionekana kuwamo, lakini chini ya nusu ya zile alizoziahidi Bahcall; na kadiri miaka ilivyokwenda, jumla ikatulia katika atomi moja kila siku mbili, ambayo ni theluthi moja ya ahadi. Hapo daftari lilikuwa limefunguka tena kwenye ukurasa ule ule. Theluthi ile ya Ellis na Wooster na theluthi hii ya Davis hazina udugu, ni sadfa tupu; lakini ni vigumu kuzitazama pamoja bila kutabasamu, kwa maana safari ya kwanza nyutrino ndiyo iliyoshukiwa kuchukua mali, na safari ya pili nyutrino zenyewe ndizo mali iliyopotea. Kuna kisa kisimuliwacho kwamba mchimbaji mmoja, alipomwona Davis amenyong'onyea, alimliwaza kwamba asihuzunike, maana kiangazi kile South Dakota kulikuwa na mawingu mengi.

Walimwengu waligawanyika. Wanafizikia walisema kosa ni la wanajimu, wasiojua joto la moyo wa jua kwa hakika. Wanajimu walisema kosa ni la mwanakemia, na nani awezaye kuamini mtu adaiye kuhesabu atomi moja moja ndani ya tangi kubwa kama nyumba? Davis hakubishana. Alitia ndani ya tangi atomi chache za arigoni ambazo idadi yake aliijua, kisha akazitoa, akaonyesha kwamba hesabu yarudi karibu kamili. Kila pingamizi alilijibu kwa jaribio, si kwa maneno, na picha moja ya mwaka 1971 yamwonyesha akiogelea kwa utulivu katika maji yaliyojazwa chumbani kulikinga tangi, kama mtu aliye katika kidimbwi cha nyumbani kwake. Bahcall naye alikokotoa upya, na upya tena, kwa miaka thelathini, na kila mara jua lake lilitoa jibu lile lile.

Afrika nayo haikukosa sehemu yake katika habari za mashimoni. Tarehe 23 Februari 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, Reines na Friedel Sellschop walinasa nyutrino ya kwanza isiyotengenezwa na binadamu, iliyozaliwa na miale ya mbingu. Wenzao wa India walinasa yao mwaka huo huo katika machimbo ya dhahabu ya Kolar. Vichuguu hivyo vya East Rand vilichimbwa kwa mikono ya Waafrika waliofungwa na sheria za ubaguzi, ambao habari za nyutrino hakuna aliyewaeleza. Miaka 22 baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 23 Februari, nyota iliyolipuka katika wingu la Magellan, lionekanalo katika anga ya kusini, ilileta nyutrino zake kwenye tangi la maji la Masatoshi Koshiba lililochimbiwa Kamioka, Japani. Zilihesabiwa 11, nazo zilikuwa njiani zaidi ya miaka 160,000.

Jawabu la nakisi ya Davis lilikuwa limekwisha kuandikwa mapema na yule mtoro, Pontecorvo. Tangu mwaka 1957, akiwa Dubna huko Urusi, alifikiri kwamba nyutrino huenda hubadilika njiani, kama msafiri atokaye bandarini na kanzu na kuingia mjini na suti; na ilipojulikana kwamba ziko nyutrino za namna tatu, na kwamba klorini ya Davis huijua namna moja tu, wazo hilo lilipaswa kusikilizwa. Halikusikilizwa upesi. Mwaka 1998 kundi la Takaaki Kajita, kwa tangi jipya la Kamioka la tani 50,000 za maji, lilionyesha kwamba nyutrino zizaliwazo hewani hubadilika kweli. Kisha mwaka 2001 na 2002, ndani ya mgodi wa nikeli wa Sudbury, Kanada, Arthur McDonald na wenziwe, kwa tani 1,000 za maji mazito waliyoazimwa, walizihesabu nyutrino za jua kwa njia mbili: zile za namna ya Davis peke yake, na zile za namna zote kwa pamoja. Za Davis zilikuwa theluthi. Za namna zote zilikuwa timamu, sawasawa na alivyoandika Bahcall. Hakuna aliyekosea kuhesabu, na jua halikupunguza kitu. Mali ilifika yote, theluthi mbili zake zikiwa zimevaa nguo nyingine.

Ila kitu kisicho na uzito hakiwezi kubadilika njiani, kwa maana saa yake haiendi. Kwa hiyo nyutrino ina uzito, japo mdogo kupita kiasi, na lile wazo zuri la Salam ndani ya ndege lilikuwa karibu na kweli lakini halikuwa kweli kamili. Pauli, aliyefariki mwaka 1958, hakujua kwamba nasaha yake ya ukali ilikuwa na haki kidogo. Uzito huo, hata leo, haujapimwa.

Nobel ya mwaka 2002 ilimwendea Davis, pamoja na Koshiba na mnajimu Riccardo Giacconi. Alikuwa na umri wa miaka 88 alipoipokea, na maradhi ya usahaulifu yalikuwa yamekwisha kumwingia, hata kazi ya miaka thelathini na nyutrino kama 2,000 alizozinasa zikawa zakumbukwa na wengine kwa niaba yake. Alifariki mwaka 2006. Bahcall alimtangulia kwa mwaka mmoja, na nishani hiyo hakupewa; kwa maoni yangu, ambaye ahadi yake ilithibitika baada ya kushukiwa kwa miaka thelathini na zaidi alistahili kusimama kando ya rafiki yake.

Mgodi wa Homestake ulifungwa, na sasa ni maabara. Mwaka 2024 ilikamilika ndani yake kazi ya kuchimba mapango mapya, yaliyotolewa tani 800,000 hivi za mawe, ili yapokee nyutrino zitakazotumwa chini kwa chini kutoka maabara ya Fermilab karibu na Chicago, umbali wa kilomita 1,300. Kila tangi litakalojengwa humo limekusudiwa kubeba tani 17,000 za arigoni, gesi ile ile ambayo Davis alikuwa akiihesabu atomi moja moja.